Gari la kale likigoma, usikimbilie betri

Hapa Ngomeni, na bahari huku na chumvi ya Gongoni kule, gari la kale huliwa na kutu kimyakimya. Mercedes ya miaka ya 1960 ikigoma asubuhi, wengi hukimbilia betri mpya. Nami nilinunua, pesa zikaenda bure.

Anza na waya wa athi, utokao kwenye hasi ya betri hadi kwenye bodi. Stata ikilia tiki tu, na taa zikififia, weka gia huru, chukua waya wa jampa, unganisha hasi ya betri na chuma cha injini, kisha piga stata. Ikiwaka, betri haina kosa. Fungua nati, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.