Kirusi: Je, ni Kiumbe Hai?

Mwezi huu tunarudia somo ambalo wengi wetu tulilisoma shule ya msingi tukaliacha huko: sifa za viumbe hai. Anayelielewa somo hili ataelewa pia kwa nini dawa fulani hutibu ugonjwa huu na haitibu ule.

Tuanzie kibanjani. Mgomba ulio nyuma ya nyumba hapa Rubya hautembei kama mbuzi, lakini una sifa zote saba. Hujilisha kwa kutengeneza chakula katika majani kwa nguvu ya jua. Hupumua usiku na mchana. Hukua. Huzaana kwa kutoa machipukizi. Huhisi na kujongea: jua likiwa kali, majani yake hujikunja ili yasipoteze maji mengi. Tena hutoa takamwili, yaani hewa isiyohitajika, kupitia vitundu vidogo vya majani.

Jiwe halina hata sifa moja. Pikipiki hutumia mafuta, hutoa moshi na hukimbia, lakini haikui wala haizai. Kwa hiyo sifa moja au mbili hazitoshi.

Bakteria je? Mwili wake ni seli moja tu isiyoonekana kwa macho, lakini ni kiumbe hai kamili. Bakteria wa mnyauko wa migomba, ambaye alithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, hujilisha na kuzaana ndani ya mgomba. Huhamia mgomba mwingine kwa panga lenye utomvu, au kwa wadudu wanaotua kwenye maua. Panga likipitishwa vizuri motoni, bakteria hufa.

Kirusi ni kitu kingine. Ni kifurushi kidogo cha protini kilichobeba maagizo ya kutengeneza virusi vingine. Kikiwa nje ya seli hakili, hakipumui, hakikui na hakitoi takamwili. Kikiingia ndani ya seli ya mtu huilazimisha imfanyie kazi mgeni huyo, na virusi vingi hutoka humo kushambulia seli nyingine. Kwa sababu hiyo wanasayansi wengi hawakihesabu kuwa kiumbe hai kamili. Wengine hukiweka mpakani.

Sisi wa Kagera tunavijua virusi kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 kati yao walifariki, kabla ya mlipuko huo kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni.

Tunajifunza nini?

1. Antibiotiki haziui virusi. Baadhi yake hubomoa ukuta wa bakteria, nyingine huzuia bakteria asitengeneze protini zake. Kirusi hakina ukuta huo wala kiwanda chake mwenyewe. Anayemeza vidonge hivyo kwa mafua ya kawaida hapati nafuu. Anapoteza fedha na kuwazoesha bakteria dawa, hata siku ya hatari zisimsaidie.

2. Dawa za kupunguza makali ya VVU huzuia kirusi kisizaane, lakini haziwezi kukiondoa kilichojificha kimya ndani ya seli. Mtu akiacha dawa kwa sababu anajisikia mzima, kirusi huanza kuzaana tena. Anayezimeza kila siku, na vipimo vikaonyesha kuwa virusi havionekani tena katika damu yake, huishi miaka mingi na hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

3. Sabuni ni silaha. Virusi vya Marburg vimefunikwa na utando wa mafuta, na sabuni huupasua. Tunawe mikono, na tusiguse damu wala majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo. Tutoe taarifa kituo cha afya.

Ndugu msomaji, safari ijayo ukiandikiwa dawa usione haya kumwuliza mganga: "Kilichoniuguza ni bakteria au kirusi?" Ni haki yako kujua, na jibu litakusaidia kuitumia dawa yako ipasavyo.