"Haina Shimi": Tuelewane juu ya Utomvu wa Bangi



Tangu badogo wetu bamoja baanze kupata burse za Kanada, ulizo moja linanirudilia kila mara kwenye telefone: "Grand, wewe ulisoma shimi. Ile hashishi na ile rozini banauzisha kule dukani, imeandikwa kama imetengenezwa bila kiyeyusho. Kwa hiyo ni safi, si vile?" Ulizo ni la maana. Najibu hapa kwa wote mara moja.

Kwanza sheria, juu kuko watu watasoma haraka haraka na kuelewa vibaya. Kwetu Congo bangi, diamba, chanvre, jina lolote utakaloipa, imekatazwa tangu amri ya 1903, wakati wa Etat Indépendant ya Léopold II. Kanada iliiruhusu tarehe 17 Oktoba 2018, na dondoo zake zikafuata mwezi wa Oktoba 2019. Umri wa kununua ni miaka 21 Québec na 19 Ontario. Yote nitakayosema juu ya kuchagua na kutunza ni ya kule. Huku Lubumbashi hayo ni mambo ya polisi, shimi haitakuokoa.

Sasa, kitu chenyewe ni nini? Ua la kike la bangi limejaa vijitezi vidogo sana, vyenye umbo la kichwa cha pini, upana wake kama sehemu moja ya kumi ya milimetri. Ndani ya hivyo vichwa njo kuko utomvu: THC yenyewe, katika hali yake ya asidi, pamoja na mafuta yanayonukia. Majani, shina na nyuzi ni mzigo tu. Anayetaka nguvu bila mzigo anatafuta namna ya kutenga vile vichwa.

Namna moja ni kiyeyusho, ile tuliyoita solvant kwenye TP: butani, propani, alkoli. Unakipitisha kwenye ua, kinabeba utomvu, halafu unakiondoa. Kisipoondoka chote, mtu anakivuta. Na butani ndani ya nyumba ni bomu: Marekani watu wamechoma jikoni zao na ngozi zao kwa kazi hiyo.

Namna ya pili haina kiyeyusho. Ni nguvu ya mkono, chujio, baridi ao joto. Kwenye milima ya Rif huko Maroko, na bonde la Bekaa huko Libano, wakulima wanapiga mimea iliyokauka juu ya kitambaa chenye matundu madogo, unga unaanguka, wanaukandamiza: hiyo njo hashishi. Wengine wanatumia maji na barafu. Baridi inafanya vichwa vikatike kirahisi, vinazama, vinapita kwenye mifuko yenye matundu ya ukubwa tofauti, kisha vinakaushwa. Rozini ni mtindo mpya zaidi: unga huo, ao ua lenyewe, linabanwa kati ya sahani mbili za chuma zenye moto wa kadiri, utomvu unatoka kama asali. Hakuna kitu kilichoongezwa. Hapo wauzaji wanasema kweli.

(Kwa bale ba Kasai: najua mtaniambia bankambo benu walijua diamba kabla ya wote. Ni kweli, Bena Diamba wa Kalamba Mukenge walikuwa wakiivuta pamoja kwenye kibuyu kikubwa, na Pogge na Wissmann waliwakuta hivyo mwaka 1881. Lakini walivuta mmea, hawakuvuta utomvu uliotengwa. Nguvu si moja.)

Neno "bila kiyeyusho" linakuambia namna utomvu ulivyotengwa. Linaishia hapo. Halisemi shamba lilikuwa namna gani, halisemi nguvu, halisemi utaitumia vipi. Chujio halina akili ya kuchagua. Dawa nyingi za kuua wadudu zinapenda mafuta, na utomvu ni mafuta. Kwa hiyo ukikusanya utomvu wa maua mengi ndani ya gramu moja, dawa nayo inakusanyika. Utomvu unanata, unashika vumbi na mbegu za kuvu. Sisi tuliokomalia pembeni ya viwanda vya shaba tunajua vumbi inaweza kubeba nini, na bangi ni mmea unaonyonya metali toka udongoni vizuri sana, mpaka jamii yake ilijaribiwa karibu na Chernobyl kwa kusafisha udongo.

Mufano wa kutia kichefuchefu: Madrid. Watafiti walinunua hashishi mitaani wakaipima, matokeo yakatoka 2019. Ile yenye umbo la kitonge kidogo, ambayo wasafirishaji wanaimeza Maroko na kuitoa chooni wakifika Hispania, zaidi ya tisa kwa kumi ilikuwa na bakteria za mavi kupita kiasi. Ile hashishi haikuguswa na kiyeyusho hata tone.

Kwa hiyo anayechagua asiangalie rangi tu. Ni kweli utomvu mweupe ao wa njano mara nyingi ni mpya na una majani machache, na unga mzuri wa barafu ukiupasha unayeyuka karibu wote bila kuacha majivu. Hiyo inakuonyesha ufundi wa mtu aliyetenga, lakini dawa ya wadudu haina rangi. Kinachosema ni kipimo cha labo: dawa, metali, kuvu, pamoja na tarehe ya kufungashwa. Kwenye duka lenye ruhusa Kanada vipimo hivyo ni lazima. Kwa rafiki wa rafiki mwenye sashe mfukoni, havipo.

Etiketi nayo inadanganya asiyejua kuisoma. Utakuta namba mbili: "THC", labda ndogo kabisa, na "THC ya jumla", kubwa. Ya kwanza ni ile iliyoko sasa. Ya pili ni ile itakayopatikana moto ukibadilisha asidi kuwa THC. Soma ya pili. Tufanye hesabu: ua la asilimia 18, sehemu moja ya kumi ya gramu, ina miligramu 18. Rozini ya asilimia 70, uzito ule ule, ina miligramu 70. Chakula cha bangi kwenye maduka ya Kanada hakiruhusiwi kupita miligramu 10 kwa paketi nzima. Sasa mdogo wangu ambaye hajawahi kuvuta kitu anaonjeshwa kipande kama punje ya mchele na kuambiwa "ni asili, usiogope"!

Hapa siongei kama mtu wa kanisa. Kwenye Lancet Psychiatry ya 2019, Marta Di Forti na wenzake walilinganisha wagonjwa wa akili na watu wazima wa afya katika miji ya Ulaya na mmoja wa Brazil. Wale waliovuta kila siku bangi yenye THC asilimia 10 kwenda juu, uwezekano wao wa kuugua ulikaribia mara tano ya wale wasiovuta kamwe. Mstari wao wa "bangi kali" ulikuwa asilimia 10, rozini iko mbali sana juu yake. Kama nyumbani kwenu kuko ndugu aliyeugua kichwa, mimi ningekuambia uiache kabisa.

Moto pia. Wengi wanadondosha utomvu kwenye chuma ao kioo kilichopashwa mpaka chekundu. Mwaka 2017 wanakemia wa Portland State University walionyesha kwamba yale mafuta yanayonukia, ya asili kabisa, yakikutana na joto kali yanatoa methakrolini na benzeni. Benzeni mnaijua, inaleta kansa ya damu. Hakuna aliyeiweka, ni moto ulioitengeneza. Chombo chenye kipima joto, na joto la chini, vinapunguza hayo bila kuyamaliza. Na ukila badala ya kuvuta, kumbuka inakawia: saa mbili na zaidi kabla nguvu yote haijafika, na inaweza kushika mpaka saa 12. Anayeongeza juu eti "haifanyi kitu" njo anaishia urgences.

Kutunza ni kazi rahisi. Maadui ni joto, mwanga, hewa na maji. Mafuta ya harufu yanaruka, THC inageuka polepole kuwa CBN inayolewesha kidogo sana. Kichupa kidogo cha kioo, kimejaa karibu na kifuniko, ndani ya frigo. Karatasi ya kuokea ni ya siku chache, plastiki haifai. Ukikitoa frigo, usikifungue palepale: ngoja kifikie joto la chumba, kama sivyo unyevu wa hewa utagandia ndani na kuvu itafuata. Kukiwa batoto ndani ya nyumba, iwe kwenye kisanduku chenye ufunguo, juu rozini inafanana na bonbon ya asali.

Na wakati wa kurudi vakansi, kichupa kibaki kule. Sheria ya Kanada yenyewe inakataza kuvuka nayo mpaka, kutoka ao kuingia, hata ukiwa na risiti ya duka la serikali. Na huku Luano, risiti hiyo itasomwa kama ushahidi.