Chakula cha Safari ya Katavi

Wazazi wengi wa Mpanda hutamani kuwaonyesha watoto wao viboko wa mto Katuma, katika Hifadhi ya Katavi iliyowekwa mwaka 1974. Basi, kabla ya kufunga mizigo, hesabuni milo yote, maana mkiisha kuipita Sitalike hamtaona duka.

Mwaka mmoja nalichukua nyama mbichi. Siku ya pili ilikuwa imeoza, na usiku fisi wakazunguka hema letu hata alfajiri, watoto wakilia. Tangu hapo twachukua dagaa wakavu wa Tanganyika: ni wepesi, hawaharibiki upesi, tena hujenga mwili wa mtoto. Maharage yalowekwe tangu jioni, yapate kuiva kwa makaa machache. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga zilizotwangwa na asali kidogo ya Inyonga, ila mtoto asiyetimiza mwaka asipewe asali kabisa. Mchicha uliwe siku ya kwanza, machungwa hungoja.

Maji ndiyo mzigo mkubwa. Yachemsheni nyumbani, myachukue kwa madebe, wala msimtume mtoto mtoni, kwa kuwa mna mamba. Na chakula kisilale hemani, hata ganda la ndizi, kifungieni garini.