Uraibu Katika Maombi ya Kazi: Mfano wa Isukuti

Makala haya yanaangazia namna mhitimu wa Kiswahili anayetafuta nafasi ya kufundisha Kakamega anavyoweza kuteua shauku ya kuandikia katika barua ya maombi ya kazi. Tatizo huanzia darasani. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa kuwa tawasifukazi huwa na sehemu ya uraibu, naye huijaza kwa maneno matatu: kusoma, kusafiri na kuogelea. (Waogeleaji hawa ni wengi ajabu katika eneo lisilo na mabwawa mengi ya kuogelea, labda mto Isiukhu uhesabiwe.) Akihitimu chuo kikuu, huibeba orodha iyo hiyo hadi kwa mwajiri.

Neno lenyewe limechangia. Uraibu, katika maana yake ya awali, ni kitu kama tumbaku au tambuu, ambacho mtu amekizoea hata asiweze kukiacha. Matumizi ya shuleni yameidhoofisha maana hiyo ikawa jambo la kupitishia wakati tu. Ilhali mwajiri hajali sana mwombaji anavyopitisha Jumamosi. Anatafuta jambo alilodumu nalo kwa miaka bila kulipwa wala kusukumwa. Hapa maana ya kale inafaa kuliko ya vitabu vya insha.

Tuchukue isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na baragumu ya pembe na njuga za chuma, huku mwimbaji mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. Huchezwa harusini, jandoni na hata matangani. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwani wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi. Mhitimu aliyekulia Shinyalu akiandika kwamba anapenda utamaduni, hajasema lolote. Akieleza kwamba hupiga ngoma ndogo, kwamba huweza kuongoza wimbo matangani, na kwamba amewafunza wanafunzi kwa ajili ya tamasha za muziki, msomaji wa barua humwona mwalimu wa fasihi simulizi anayeijua tofauti ya fanani na hadhira kwa vitendo.

Maelezo ya aina hii huhojiwa. Mjumbe wa bodi aliyezaliwa Khayega atauliza ngoma ipi hutangulia, na aliyeazima shauku ya jirani ataumbuka papo hapo.

Ni kweli kwamba katika ajira za TSC vyeti na mwaka wa kuhitimu huwa na uzito mkubwa kuliko aya yoyote. Lakini walimu wengi huanzia kwenye nafasi zinazotolewa na bodi za shule zenyewe. Huko barua husomwa na watu wachache wanaolijua eneo lao, na mara nyingi wanaohitaji pia mtu wa kusimamia chama cha muziki.