Vumbi la risasi humfuata fundi nyumbani

Bila shaka umewahi kuona betri ya gari iliyokufa. Ndani yake mna vitu viwili vya hatari. Kimoja ni asidi. Ikikudondokea utajua mara moja, maana inachoma. Kingine ni madini ya risasi. Vumbi lake haliwashi wala halinuki. Hilo ndilo la kuogopa zaidi.

Huko Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa hapo. Alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto akaugua sana. Damu yake ilipopimwa, ilikutwa na risasi. Je, mtoto alifanya kazi kiwandani? Hapana. Aliyefanya kazi ni mama yake.

Watu wengine wa mtaa huo pia walikutwa na risasi katika damu. Mama Omido aliwaongoza kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Lakini si viwanda tu. Wako mafundi wanaovunja betri kwa nyundo uani, wakayeyusha risasi za kuzamishia nyavu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, hata jiko la mkaa linatosha. Kwa hiyo kazi huonekana nyepesi. Moshi na vumbi huingia puani. Vumbi hutua juu ya chakula na nguo. Baba anarudi nyumbani, mtoto anamrukia.

Mtu mzima huumwa tumbo na kichwa, na damu hupungua. Mtoto huharibika ubongo, na ubongo ulioharibika haurudi. Wengine hunywa maziwa baada ya kazi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini si dawa ya risasi.

Basi usiyeyushe risasi nyumbani. Betri kuukuu iuze nzima, usiivunje. Kama umeajiriwa, dai vifaa vya kujikinga. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri avitoe. Usile wala kuvuta sigara kazini. Mwagia maji sakafu kabla ya kufagia. Oga na ubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mtoto wako akiugua, mweleze daktari unafanya kazi gani. Bila kupima damu, risasi haionekani.