Je, Wajua? Namba Zinazojieleza

Je, wajua kwamba kompyuta inaweza kusoma ripoti ya fedha ya kampuni bila mtu kunakili hata tarakimu moja? Siri yake ni XBRL, mfumo wa kuipa kila namba lebo. Wazo hilo lilianzishwa mwaka 1998 na Charles Hoffman, mhasibu wa Tacoma, Marekani. Mwaka 2009, SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa nchini humo, ilianza kuyataka makampuni makubwa yawasilishe hesabu zao kwa mfumo huo.

Chukua namba 500 katika jedwali. Ni mapato au deni? Dola au yeni? Ya mwaka mzima au ya robo mwaka? Jicho la mtu hutafuta majibu kwenye vichwa vya safu na maelezo ya chini ya ukurasa. Kompyuta huyakuta ndani ya lebo yenyewe, hata kama 500 hiyo kwa kweli ni milioni 500.

Kazi ya kuzichambua lebo hizo hufanywa na programu kama Arelle, iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Ni programu huria, haiuzwi, na kwangu hilo ni jambo kubwa: mwanafunzi anaweza kukagua hesabu zile zile anazokagua mchambuzi wa benki. Ugumu unabaki pale kampuni inapojitungia lebo yake yenyewe. Hapo programu huisoma namba vizuri, lakini kuilinganisha na ya kampuni nyingine bado kunahitaji mhasibu.