Namba 2 ya daftari la kemia na jiko la mkaa chumbani

Mtoto wa kidato cha tatu akikuletea daftari la kemia na kuuliza kwa nini mwalimu ameweka 2 mbele ya C, usikimbilie kumwambia hayo uliyasahau zamani. Mpeleke jikoni, kwenye jiko la mkaa.

Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ukipata hewa ya kutosha, huungua hivi:

C + O₂ → CO₂

Pasipo na namba mbele, isome moja: moli moja ya kaboni huchukua moli moja ya oksijeni. Moli ni kipimo cha kuhesabia, kama dazeni, ila yenyewe ni chembe nyingi mno: 6 ikifuatiwa na tarakimu 23. Moli moja ya kaboni ina gramu 12, ya oksijeni gramu 32.

Sasa funga milango na madirisha. Hewa ikipungua, sehemu ya mkaa uleule huungua hivi:

2C + O₂ → 2CO

Oksijeni bado ni moli moja, lakini inagawiwa moli mbili za kaboni. Kila atomu ya kaboni inaambulia atomu moja ya oksijeni. Kinachotoka ni moli mbili za kaboni monoksidi, gramu 56.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wakiona pande mbili hazijalingana, wanachezea namba ndogo ya chini na kuandika CO₂. Mlinganyo utakaa sawa, lakini gesi imebadilika. CO₂ ndiyo tunayoitoa tukipumua. CO ni sumu.

Haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata. Aliyelala huenda asiamke. Wengi huogopa moshi, kumbe mkaa uliokolea, usio na moshi wowote, ndio huingizwa chumbani usiku wa baridi kule Njombe au Mbeya, watoto wakiwa wamelala.

Jiko litoke nje kabla ya kulala. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Mtu akilalamika kichwa karibu na jiko, mtoe kwenye hewa safi mara moja na mpelekeni hospitali, hata akisema amepata nafuu.